Glenys na Shimo la Diwani

Mtaa wa Tanner una wanawake wakali, lakini ukali wa Glenys Threlfall una daraja lake peke yake. Miaka mingi aliendesha basi la jiji, na mlevi mkorofi alishuka mwenyewe kwa kutazamwa tu. Msinibishie. Nilitazamwa, nikashuka.

Barafu ya majira ya baridi ikapasua lami, ikachimba shimo mbele ya lango lake. Mumewe, Arnold, anatembelea kiti cha magurudumu. Gurudumu likazama, mzee akamwagika kama uji. Tangu siku hiyo hakutoka tena, hata kwenda kuwaona njiwa wake wa mashindano ya mbio. Glenys akapiga simu halmashauri mpaka sikio likamwasha. Hakuja mtu.

Uchaguzi wa jiji ulipokaribia, diwani wetu, Clive Ormerod, huyo akaja mbio, ua la utepe la chama chake kifuani, mpiga picha nyuma yake. Kwetu, mgombea asiyepigwa picha akilinyooshea shimo kidole, uso kaukunja kama mfiwa, huyo si mgombea. Akamkuta Glenys ametia kiti cha jikoni ndani ya shimo, amekaa, kikombe cha chai mkononi.

"Mama, hebu sogea kidogo, tupige picha tu."

"Picha ya nini? Shimo hili mwanao, umelilea mwenyewe!"

"Ndiyo maana naomba kura, mama, nilishughulikie."

"Uliomba mara ile, tukakupa! Mume wangu yumo ndani kama kuku anayeatamia, wewe unatafuta pozi!"

Arnold akapaza sauti dirishani: "Muulize, hicho kidole kinaziba?"

Majirani wakaangua kicheko. Ormerod akaondoka masikio yamemwiva kama nyanya.

Asubuhi yake likaja lori la lami. Mafundi wakamwaga, wakashindilia, wakaenda zao, na chai ya Glenys haijapoa.

Mnadhani alifurahi? Alikibwaga kikombe juu ya kisahani. "Kumbe kazi yenyewe ndiyo hii? Chai haijapoa! Na mwanamume mzima nimemfungia ndani tangu baridi!"

Siku ya kura alimsukuma Arnold juu ya lami ileile mpaka ukumbi wa kanisa, kituo cha kura. Ormerod alikuwa nje ya mlango, meno yote nje.

"Umeona, mama? Shimo limezibwa!"

"Nimeona," Glenys akajibu, mwendo hakupunguza. "Ndiyo maana tumeweza kuja wawili kukutoa."