Mkono wa Mwalimu Kooni Kwangu

Mwalimu wangu wa mapigano alikuwa Mvietnamu mfupi, mkavu, askari wa zamani wa vita vya kwao, mwenye sauti ya chini iliyokufanya ukae wima bila kuambiwa. Alifundishia kwenye chumba cha chini ya ardhi huko Alexandria ya Marekani, nyuma ya duka la tambi. Wanafunzi wengi walikuwa Wavietnamu. Alikuwapo pia Mkenya aliyeegesha magari ya wageni hotelini, na mimi, mwanamke wa Tanga nisiyependa kuamrishwa na mtu. Kwake niliamrishika. Nilimpenda mzee yule, basi.

Desturi yake haikujadiliwa. Kwanza aliwasha udi mbele ya picha ya mwalimu wake marehemu, nasi tukainama, mkono wa kulia juu ya moyo. Kisha mwanafunzi aliyemteua alisimama mbele, mikono chini, naye akarusha pigo la kooni kwa nguvu zake zote na kulisimamisha kabla halijagusa ngozi. Kurudi nyuma ilikuwa sawa na kumwambia mbele ya watu kwamba humwamini. Aliyeteuliwa nilikuwa mimi.

Majani yalipoanza kupukutika, vidole vyake vikaanza kunigusa. Jumamosi moja nilikohoa mpaka jioni. Jumamosi nyingine, katika hatua tulizozizoea, aligeuka kushoto pale alipotufundisha siku zote kugeuka kulia, na darasa zima likageuka kushoto, nyuso makini, kwa sababu mwalimu hasahihishwi. Mimi niliajiriwa kwenye nyumba ya kutunzia wazee, nikiwaogesha na kuwalisha, na hali ile ya akili kupotea niliijua vizuri. Niliogopa.

"Aah, sister, hiyo ni uzee tu," Mkenya aliniambia tukivaa viatu. "Usistress, mzee ako fiti."

"Koo ni lako?"

Mke wa mwalimu alinisubiri mlangoni. Alikuwa ameshajua kwamba najua. Aliniomba nivumilie mpaka mwaka wao mpya. Mumewe akinyang'anywa darasa, alisema, atakaa dirishani mpaka afe. Na nikikataa mimi, atamteua mwingine asiyejua kinachomjia. Nilipandwa na hasira. Aliniomba koo langu kama jirani anavyoomba chumvi! Lakini nilikubali.

Jumamosi iliyofuata aliwasha udi, tukainama. Akawasha mwingine, tukainama tena, hakuna aliyeguna. Nikasimama mbele yake. Mkono ulikuja kasi ile ile ya zamani, ukatua juu ya ngozi, ukakaa. Kwa kawaida aliurudisha na kuniinamia. Safari hii hakuurudisha. Alinitazama usoni, halafu akautazama mkono wake mwenyewe, halafu akamwuliza mkewe, aliyesimama mlangoni, kitu kwa lugha yao, taratibu, kwa adabu. Wavietnamu waliokuwa nyuma yangu waliacha kupumua. Mkenya, ambaye hakuelewa neno, aliendelea kutabasamu.

"Anasemaje?" niliuliza bila kusogeza shingo.

Mama yule alinisogelea.

"Anauliza kama wewe ni wetu au ni wao."

"Mwambie ni wenu."

Alimwambia. Mwalimu akaendelea kunitazama, na vidole havikutoka.