Maneno Aliyoyameza Mama Taratibu

Wagonjwa wa figo ndio waliompa jina la Mama Taratibu, na hawakumpa kwa utani. Mtu aliyetoka kusafishwa damu hataki kutikiswa. Tumbo limemgeuka, kichwa kinaelea, kila tuta la barabarani analipokea utumboni. Mama Taratibu alikuwa dereva wa gari la hospitali lililowarudisha watu hao majumbani, na tuta alilivuka kama mtu anayemlaza mtoto mchanga kitandani: unajua gurudumu limepanda, hujui limeshuka saa ngapi.

Sasa njoo nyuma yake. Honi, taa, makelele. Madereva waliomfuata walimtukania mama yake na bibi yake, na wengine walimpita vichwa viko nje ya dirisha, wakamuuliza kama hilo gari analiendesha au analisukuma. Naye usidhani alikuwa malaika. Matusi alikuwa nayo, tena ya moto, yakimjaa mdomoni mpaka yanagonga meno. Ila alikuwa na dawa yake. Honi ikilia, analegeza vidole kwenye usukani, anavuta pumzi mpaka tumboni, anajisemea moyoni: huyu pengine mkewe yuko kwenye uchungu, pengine kaachishwa kazi asubuhi hii, pengine ni tumbo la kuhara tu linamkimbiza, maskini, mpishe. Anainua mkono, anampisha, na tusi analimeza. Abiria walioliona koo lake likipanda na kushuka walidhani anameza mate.

Alimeza hivyo miaka na miaka, mpaka kiharusi kilipomkuta akiosha vyombo.

Kikamchukulia mkono wa kulia na mguu wa kulia, kisha kikaingia kwenye maneno. Akili kilimwachia yote, na hapo ndipo penye ukatili. Akitaka maji, anayaona, anajua yanaitwaje, akifungua mdomo linatoka, "Mbwa wewe." Akitaka kusema asante, inatoka, "Shenzi." Kuandika nako kulikwenda pamoja na kusema. Binti mmoja mpole pale hospitali, aliyekuwa akimfundisha kutamka upya, aliwaeleza watu wa nyumbani kwamba ubongo ukiumia mahali pale, maneno ya kupanga hukwama, ya hasira hutoka yenyewe, maana yana njia yake. Msimchukie, akasema, hayo siyo anayotaka kuwaambia. Binti wa Mama Taratibu, fundi cherehani, alisikiliza na kuitikia. Mume wake hakusikia. Alikuwa nje anagombana na mtu aliyeegesha gari nyuma ya lake.

Huyo mkwe si mtu mbaya, tusimsingizie. Siku ile ya kiharusi ni yeye aliyembeba mama mkwe mgongoni, akasahau haya zote za ukwe, akashuka naye ngazi mbio. Ndiye aliyejitolea kumpeleka mazoezini kila wiki. Lakini kuna wanaume wakishika usukani huwajui tena. Nyumbani anamwomba mkewe chumvi kwa sauti ya chini. Barabarani kila aliye mbele yake ni punguani na kila aliye nyuma ni mwizi. Anakwenda mbio, anawachomekea watu, anafunga breki mpaka shingo zinatoa sauti.

Na nyuma ya gari alikuwepo Kidoti, mjukuu, mtoto ambaye bado hajaanza shule. Mkanda wa kiti cha nyuma ulikatika siku nyingi, na baba yake kila siku alikuwa anautengeneza kesho. Kwa hiyo Kidoti alisimama katikati ya viti viwili vya mbele, kashika huku na huku, anachungulia barabara kama kondakta.

Mama Taratibu alikuwa na jambo moja tu la kusema. Mkwe wangu, punguza mwendo, na huyu mtoto mfunge au mwache nyumbani. Basi. Maneno ambayo zamani angeyasema huku anapepeta mchele.

Siku ya kwanza alikusanya nguvu zote. Gari lilikuwa linalikimbilia lori kwenye njia panda. Akafungua mdomo.

"Mbwa wewe," akasema.

Mkwe akamtazama, macho yamemtoka kwa furaha. "Umemwona, eeh? Umemwona alivyokaa katikati ya barabara? Mwambie, mama."

Akakanyaga mafuta.

Ikawa ndiyo mtindo. Kadiri alivyoogopa ndivyo alivyojaribu kusema, na kadiri alivyojaribu ndivyo mkwe alivyopata nguvu. Alimgonga mkwe begani kwa mkono wake mzima. Mkwe akaona anapongezwa. Alinyoosha kidole nyuma kumwonyesha mtoto. Mkwe akamwambia Kidoti amsalimie bibi, anamkumbuka. Kazini kwake aliwasimulia wenzake kwamba mama mkwe wake, aliyekuwa dereva mpole kuliko wote mjini, sasa kapata mdomo, na kwamba wao wawili ndani ya gari ni jeshi moja. Mkewe alipomkumbusha kwamba mama hamaanishi hayo, alimjibu, "Nyumbani hamaanishi. Barabarani anamaanisha, nimeyaona macho yake."

Macho aliyaona kweli. Hakuuliza yanaogopa nini.

Kisha ikaja siku ya baiskeli. Mwanamume mmoja alikuwa anapeleka mikate, kreti imefungwa nyuma, anakwenda zake pembeni. Mkwe akataka kumpita kabla ya gari lililokuwa linakuja mbele, akaona haiwezekani, akarudi pembeni, akafunga breki. Kioo cha pembeni kikamgusa mtu wa mikate begani. Akaenda chini yeye na mikate. Kidoti akaruka kutoka pale katikati, akagonga mdomo kwenye dashibodi.

Mdomo ulipasuka kidogo. Mtoto alilia, baba akampangusa damu kwa kitambaa, akasema si kitu, meno yapo. Mtu wa mikate alikuja dirishani kwa Mama Taratibu, goti linavuja. Hakuja na ugomvi, alikuja na mshangao tu, kama mtu anayetaka kuuliza kulikoni. Naye Mama Taratibu alilitafuta neno pole. Alilitafuta mpaka jasho likamtoka. Akamshika yule mtu mkono, akamtazama usoni, akamwambia, "Shenzi."

Yule mtu akautoa mkono wake polepole. Akaenda kuokota mikate.

Mkwe alishuka akamsaidia, akaomba radhi, akaeleza kwamba mama ni mgonjwa. Kurudi nyumbani alikwenda kwa adabu. Kesho yake asubuhi alitoka getini kwa kasi ileile.

Siku ya mazoezi ilipofika tena, Kidoti alikuwa wa kwanza mlangoni, viatu kavaa kushoto kulia, mdomo una kovu dogo. Alipotaka kupita, Mama Taratibu akamkamata gauni. Walicheka, wakadhani mchezo. Mama yake akamwambia bibi amwachie, wanachelewa. Hakumwachia. Alimvuta mtoto nyuma, akajiegemeza mlangoni kwa upande wake uliokufa ili asipite mtu, na akajaribu mara ya mwisho kusema neno moja tu: abaki.

"Mbwa wewe," akamwambia mjukuu wake.

Kidoti alizoea kuyacheka maneno hayo. Safari hii alimtazama bibi yake machoni, akaacha kucheka.

"Mama," akasema binti yake, "huyu mtoto kakukosea nini?"

Mkwe alikuwa kwenye gari, anapiga honi.

"Humtaki? Ndiyo hivyo? Hutaki kwenda naye?"

Kichwa kilikuwa bado chake. Kukubali kwa kichwa aliweza, kukataa aliweza. Mama Taratibu alimtazama binti yake, akamtazama na mtoto aliyekuwa ameanza kutetemeka midomo. Akakubali.

"Basi abaki," binti yake akasema kwa uchungu. "Njoo, mwanangu. Bibi siku hizi hatutaki."

Mama Taratibu akaliachia gauni. Akajikokota mpaka kwenye gari, mkwe akamfunga mkanda, akamuuliza mbona leo tuko wawili tu. Ndani, cherehani ilianza kulia, na Kidoti naye alikuwa analia, sauti mbili zinashindana. Gari lilirudi nyuma kwa kishindo mpaka barabarani, na mtu wa kwanza kupita mbele yao mkwe akamwita punguani.