Figo za Shangazi na Chupa Mbili

Mwanangu, siku moja ya kukaribia Ramadhani naikumbuka mpaka leo, maana shangazi yangu Mwajuma alinijia akicheka, na mimi nikacheka naye kabla ya wakati.

Ilikuwa enzi za Wabelgiji, nami kijana nikifanya kazi ya kupima damu katika hospitali moja hapa Kindu. Shangazi ndiye aliyenilea. Miguu yake ilikuwa ikivimba, tukampima, na jibu letu likasema figo zake zimechoka sana. Daktari akamkataza kufunga. Mwanamke yule hakuwa mtu wa kukatazwa. Alipanda kamyo mpaka Kampene kwa binti yake, akapimwa hospitali ya kule, akarudi na jibu kwamba figo ni nzima kabisa.

"Hii njo ya kweli," akaniambia. "Miye nitafunga."

Nilimpenda mno, mwanangu, na jibu lile lilikuwa tamu. Nikaenda kumweleza mkubwa wangu wa kazi, Mzee Saleh, kwamba huenda sisi ndio tulikosea. Aliniangalia kwa huruma.

"Najua unamupenda," akasema. "Lakini usimuchagulie shangazi yako majibu sawa vile wanachagua kitenge ku soko. Uliza kwanza wale walilinganisha na nini."

Kazi yetu ilikuwa hivi: maji ya damu tuliyatia dawa ya manjano, yakageuka rangi ya chungwa. Kisha tuliyalinganisha kwa jicho na maji ya mfano, yaliyotiwa dawa ileile. Damu ikikolea kupita mfano, ujue figo hazitoi uchafu vizuri. Maji hayo ya mfano kila hospitali ilijichanganyia yenyewe kwa unga wake, na kila mmoja aliapa kwa chupa yake.

Mzee Saleh akaagiza chupa ya Kampene iletwe, akamsihi shangazi asiamue lolote kwanza. Ilipofika tuliitia dawa pamoja na yetu, tukaziweka dirishani. Ya kwao ilikolea mno, ya kwetu ilikuwa imefifia. Kumbe ndiyo maana wao walimwona mgonjwa kuwa mzima, nasi tulimwona amekwisha, na huenda wote tulikuwa tumepotea.

Tukapima unga upya kwa mizani, tukachanganya maji mamoja, nusu yakaenda Kampene. Damu ya shangazi ikapimwa huku na kule, na safari hii majibu yakakubaliana: figo zilikuwa dhaifu, hazijafa, ila kiu ya mchana kutwa ingeweza kuzimaliza.

Shangazi alilia. Jioni ya kwanza ya mwezi akapika wali na sombe ya majani ya muhogo, akaita jirani asiyejiweza, iwe fidia ya saumu asiyoweza kufunga, akakaa kumtazama akifuturu. Niliona jinsi ilivyomuuma, nami nikaumia naye. Lakini aliishi, mwanangu. Mtoto wangu wa kwanza alipozaliwa, shangazi ndiye aliyemwogesha kwa mikono yake, na mtoto huyo ndiye mama yako.

Kwa hiyo ukiletewa majibu mawili, usikimbilie lile linalokupendeza, wala usilitetee lako kwa kuwa ni lako. Kaa na mwenzako, mkubaliane kwanza mnapimia nini. Hasa pale unapompenda mtu sana, hapo ndipo uwe mwangalifu zaidi.

Mungu akupe macho ya kuona sawasawa, na akuachie unaowapenda mpaka wawaogeshe watoto wako.