Hita ya Watu Wawili

Nikikuuliza mko wangapi nyumbani, usinizungushe. Wataje mmoja mmoja, niandike. Wateja wangu hapa Newala wanasema fundi Bonifasi ni mkali kuliko hita za maji anazofunga, na mimi sibishi. Ukali huu sikuzaliwa nao. Niliupata nyumbani kwa Bi Pili.

Bi Pili ni mkandaji. Mwanamke akijifungua huku kwetu, yeye ndiye huitwa kumkanda kwa maji ya moto, asubuhi na jioni, mpaka siku arobaini zitimie. Taulo linazamishwa kwenye maji ambayo mimi nisingethubutu kutia hata kidole, linakamuliwa, linagandamizwa tumboni na kiunoni. Mke wangu Winfrida alipomzaa Huruma alipiga kelele mtaa mzima ukasikia. Bi Pili akamwambia, "Lia tu mwanangu, mimi sina haraka." Hakuchukua kitu kwetu zaidi ya kanga moja na sabuni.

Kazi hiyo kaifanya miaka thelathini na ushee, na miaka yote hiyo kavuta moshi. Kuni anazopata ni za mkorosho, na moshi wa mkorosho unakwaruza koo hasa. Mwaka jana kifua kilianza kumbana. Daktari alimwambia wazi: mama, jiko la kuni basi, ukiendelea nalo pumzi itakuishia siku moja papo hapo. Mkwewe Husseni, mwalimu anayefundisha Nanganga na kurudi nyumbani Jumamosi, akanipigia simu.

"Baba Huruma, mfungie mama hita. Saizi chagua wewe, mimi hayo siyajui."

Sasa saizi ya hita haichaguliwi kwa uzuri wa bafu. Unaangalia watu wangapi, na wanayafanyia nini maji kwa wakati mmoja. Ukiweka kubwa mno unachemsha maji ya kukaa bure, na huku juu maji yenyewe yanakuja kwa mgao. Ukiweka ndogo, wa kwanza anaoga akiimba, wa pili anatoka bafuni meno yanagongana. Na ukungu wa Newala mwezi wa sita unaujua, au kama huujui, njoo.

Nikaenda, nikapiga hodi, nikaamkia.

"Shikamoo, Bi Pili."

"Marahaba, Baba Huruma. Winfrida mzima?"

"Mzima. Nimeletwa na hita yako. Niambie, humu ndani mko wangapi?"

"Andika wawili. Mimi na Maryam. Husseni ni mtu wa Jumamosi tu."

Wakati huo huo Maryam, bintiye, akapita na ndoo, kanga kaifunga juu ya tumbo la miezi minane. Tumbo hilo hata kipofu angeliona. Nikamwangalia, nikamwangalia na mama yake, nikainamia karatasi yangu. Nikaandika: wawili.

Usinicheke. Mimi ni mtoto wa Mkomaindo, kule Masasi, nimebatizwa nikiwa mchanga na mama yangu alikuwa akifagia kanisa. Lakini nimelelewa na wanawake wale wale kama wewe. Mtoto aliye tumboni hatajwi, hahesabiwi, hanunuliwi hata leso. Na nyumba ile ilikuwa na sababu ya kuogopa. Miaka mitatu nyuma Maryam alikuwa na mimba ya kwanza. Husseni kwa furaha yake akaleta beseni la kuogea mtoto, la bluu, na nguo ndogo ndogo, mimba ikiwa ya miezi sita tu. Mtoto alizaliwa, akaishi siku tatu, akafa kabla ya kupewa jina. Bi Pili alilibeba lile beseni mwenyewe akaenda kulitupa. Toka siku hiyo akapiga marufuku humo ndani: asitajwe wa mbele ajaye, asitajwe wa nyuma aliyekufa.

Kwa hiyo ningesemaje? "Bibi, na huyo aliye njiani?" Nikafunga hita ya lita thelathini, nikajaribu bomba, maji yakatoka ya moto vizuri, nikaondoka najiona fundi.

Mtoto akaja Julai, wa kike, salama. Siku ya tano napita njia ile asubuhi, naona moshi nyuma ya nyumba. Damu ikanichemka. Nikazunguka uani bila hata kupiga hodi. Bi Pili kainama mbele ya mafiga, sufuria kubwa juu, anakohoa mpaka mabega yanaruka.

"Bi Pili! Hita nimekufungia ya nini? Pambo?"

"Usinipigie kelele uani kwangu, Bonifasi!" Siku hiyo sikuwa Baba Huruma. "Hita yako inanipa debe moja, basi, inanuna. Nikimkanda Maryam yamekwisha. Mtoto anaoga nini? Nguo zake zifuliwe na nini? Nangoja saa nzima, mzazi yuko uchi anatetemeka. Nimwache?"

Alikuwa na haki. Kwenye hita ya namna hii, kila ukichota ya moto, ya baridi yanaingia nyuma yake. Lita thelathini zinakupa debe moja la maana, yanayofuata ni vuguvugu. Nami nilijua kwamba humo ndani mtu atakandwa mara mbili kwa siku. Tumbo niliona kwa macho yangu haya, na kazi ya mama yake naijua toka alipomkanda mke wangu.

"Nitaleta kubwa," nikamwambia. "Nipe siku mbili. Ila moto huo uzime."

"Maryam hawezi kungoja siku mbili," akasema, akapuliza moto.

Ningeuzima kwa mguu wangu. Ningemwita Winfrida aje achemshe yeye. Jamani, mambo ya kufanya yalikuwepo mengi. Badala yake nikaenda Lisekese, kule Masasi, kumalizia kazi ya mtu, bomba likanisumbua, siku mbili zikawa nne. Ya nne, saa tatu asubuhi, simu ikaita. Maryam analia hata maneno hayashikani. Mama kaanguka mafigani.

Nilipofika majirani walikuwa wamekwishamtoa na kumpeleka hospitali. Uani sufuria lilikuwa limepinduka, na maji yamezima moto. Taulo lilikuwa bado limetundikwa pale. Nilisimama nikaliangalia lile taulo, nikaona aibu ambayo sijawahi kuiona maishani mwangu. Watu walikuwa wakinipa pole, na mimi nilitaka mmoja wao anitukane.

Alilala wodini siku kumi na moja, mipira ya hewa puani. Winfrida akaja kumalizia kumkanda Maryam, kwa maji aliyochemsha nyumbani kwetu na kuyabeba. Kila jioni nilikuwa nauliza habari ya hospitali, na jibu lilikuwa moja: yupo tu. Sikufunga hita nyingine. Niliogopa. Ningeandika watu wangapi?

Akarudi. Nyumba nzima ilikuwa kimya kama vile sauti itamvunja. Kakaa kwenye mkeka, mgongo ukutani, kakonda, na kila sentensi anaikata katikati avute pumzi. Mikono ile iliyowakanda nusu ya akina mama wa mtaa ilikuwa imelala mapajani. Daktari kamwambia kukanda basi, hata kwa maji ya kuletewa.

Nikapiga magoti. "Bi Pili, naomba unisamehe. Tumbo niliona. Nikaandika wawili."

"Nilikuona unaona," akasema. "Na nikafurahi umenyamaza. Sote wawili, Baba Huruma. Usijibebeshe peke yako."

Machozi yalinitoka mbele ya Maryam na mwanawe, sikuyaficha. Kisha nikatoa karatasi na kalamu, maana sikujua kingine cha kufanya.

"Basi nakuuliza upya. Mko wangapi?"

Maryam akamtazama mama yake haraka, kama anaomba ruhusa. Bi Pili akanyoosha kidole cha kwanza.

"Mimi. Maryam. Husseni, hata kama ni Jumamosi tu. Huyu mdogo, Magdalena, jina la mama yake Husseni, Mkristo mwenzako." Akavuta pumzi, akapumzika. "Andika watano."

Nikahesabu kimoyomoyo. Nikadhani kachoka. "Ni wanne, bibi. Wa tano nani?"

"Yule wa siku tatu," akasema. "Nilikataza asitajwe. Mama yake akalia chooni miaka mitatu, peke yake, nami nasikia. Mwandike."

Maryam akamkumbatia mtoto, akaanza kulia kwa sauti, mbele za watu, kwa mara ya kwanza toka msiba ule. Bi Pili akaupeleka mkono wake polepole mpaka mgongoni kwa bintiye.

"Lia tu mwanangu," akasema. "Mimi sina haraka."

Kwa watu wanne lita hamsini zingetosha. Nilifunga ya themanini.