Kofia ya Flashi ya Ismaili Nandonde

Hapa Magomeni, Mtwara, ni nyumba chache zisizo na picha iliyopigwa na Ismaili Nandonde. Waliooa, waliomaliza darasa la saba, wasichana waliotoka unyagoni, marehemu kabla hawajawa marehemu, wote walipita mbele ya kamera yake. Lakini ukimwambia yeye akuonyeshe picha yake, atakutolea kitambulisho cha kupigia kura. Nyingine hana. Nani atampiga, na kamera anayo yeye?

Anaishi peke yake katika vyumba viwili nyuma ya duka la nafaka. Alipata kuwa na mke, Saida wa Msimbati, na binti mmoja, Riziki. Ndoa ilikufa kwa sababu kila shughuli ya watu alikuwapo, ila ya nyumbani kwake. Saida akamchukua mtoto, ana miaka minne, akarudi kwao, na hapakuwa na kesi. Kwa Wamakonde mtoto ni wa kwa mama, na mwenye sauti ni mjomba. Baba atapeleka nguo za sikukuu, atakunywa maji, ataondoka.

Basi mwaka huu, baada ya korosho kuuzwa, Riziki akapiga simu. Akasalimia kwa adabu, akasema anaolewa Jumamosi ya wiki ijayo, na mjomba Ramadhani ameagiza baba aje kupiga picha. Ismaili akasubiri kama kuna neno jingine. Halikuja. Akasema atafika.

Alipokata simu akalitamani jambo moja, na hakumwambia mtu: apate picha moja amesimama na mwanawe. Hawakuwa nayo hata moja. Za Riziki alikuwa nazo tele, amebebwa na mama, na bibi, na mashangazi, na aliyebonyeza kamera siku zote ni yeye.

Wiki nzima akajiandaa. Riziki ni mweusi wa kung'aa, kamrithi bibi yake, na bibi harusi hupakwa mafuta mpaka atelezeshe nzi. Uso wa namna hiyo ukiupiga kwa flashi tupu, paji linatoka jeupe kama sahani, macho yanapotea. Lazima mwanga upunguzwe ukali, upite kwenye kitu cheupe ndipo umfikie mtu. Ismaili alikuwa na vitu vitatu vya kazi hiyo. Cha kwanza leso iliyokunjwa mara mbili. Cha pili kipande cha dumu jeupe la mafuta ya kula, alichokikata kwa kisu cha moto akakifunga na mpira wa baiskeli. Cha tatu kofia ya plastiki ya dukani, imeumbwa kama bakuli, aliyoiagiza Dar es Salaam. Hiyo huutawanya mwanga pande zote, ukagonga dari, ukarudi chini taratibu kama wa asubuhi.

Akachukua kinu, akakivisha kanga, juu yake akaweka chungu cheusi alichokipaka mafuta ya nazi. Akakipiga kwa leso, akakipiga kwa dumu, akakipiga kwa kofia. Jirani yake Veronika, mwalimu aliyehamia kutoka Iringa, akachungulia dirishani akamwuliza, "Mzee Ismaili, umeoa kinu?" Akajibu kwamba kinu hakinuni. Lakini Veronika alipoondoka chumba kilikuwa kimya kuliko mwanzo.

Kofia ndiyo ikashinda. Chungu kilitoka kimetulia, kila mviringo unaonekana, na mwanga ulienea chumba kizima. Akaona moyoni: nitaiacha kamera ijipige, na kwa kofia hii nitasimama popote, nami nitaonekana.

Jumamosi akafika Msimbati mapema. Mchanga wa kule ni mweupe, jua likipiga huwezi kuutazama, kwa hiyo watu walikaa chini ya turubai, na bila flashi wangetoka weusi tititi. Akamkuta Riziki amekwisha kuketi kwenye kiti. Akampiga picha ya kwanza, akatazama kwenye kamera. Bibi harusi alikuwa na uso wa mtu aliyeopolewa majini.

Turubai lilikuwa la buluu. Mtu wa miaka thelathini na moja kazini, akajaribia mwanga chini ya dari lake jeupe, akasahau kuwa shughuli za huku hazina dari. Ile kofia ilirusha mwanga juu, ukarudi na rangi ya turubai, ukamwangukia mwanawe usoni.

Akaivua haraka, akafunga kipande cha dumu, akasogea karibu. Dumu halirushi mwanga juu, hupeleka mbele tu, tena hatua mbili tatu. Riziki akatoka alivyo, mweusi wa kupendeza, macho hai. Wanawake wakaliona lile dumu wakacheka. "Kameramani," akasema mmoja, "unapiga picha au unakaanga mihogo?"

Mjomba Ramadhani naye alimwita hivyohivyo, kameramani. Zamani alimwita shemeji. Kameramani sogea huku, kameramani piga wazee. Ismaili akasogea, akapiga.

Ikafika picha ya ukoo. Mjomba kulia, mama kushoto, mama wadogo na wajomba wadogo wakajaza, watu kama ishirini. Hapo Riziki akasema, "Na baba aingie."

"Akiingia nani atapiga?" akauliza mjomba, na watu wakacheka.

"Inajipiga yenyewe," akasema Ismaili.

Akaiweka kamera kwenye miguu yake mitatu. Flashi, ingali na dumu lake, akaichomoa na waya wake, akaiegemeza juu ya kiti hatua mbili mbele ya bibi harusi, imwelekee. Kofia ilikuwa mfukoni. Akiivika, watu wote ishirini watapata mwanga, na yeye popote atakaposimama. Lakini Riziki atarudi kuwa wa buluu, siku ya harusi yake. Vidole viliishika kofia, vikaiacha. Akabonyeza, akahesabu kumi huku anakimbia juu ya mchanga. Karibu na Riziki palikuwa pamejaa, hakuna aliyejibana. Akasimama mwisho wa mstari. Flashi ikawaka.

Riziki akaja kutazama. Alipendeza mno. "Baba, mbona sikuoni?"

Akamwonyesha kwa kidole kivuli pembeni, na kanzu kidogo.

"Turudie, baba."

Mjomba akasema pilau linapoa na wageni wametoka mbali. Watu walikwisha kuinuka. Ismaili akamwambia mwanawe aende akale, picha imetoka nzuri.

Jumatatu akaipeleka kusafishwa mjini, kwa Jesca mwenye mashine. Jesca akaisifu, kisha akaweka kidole kwenye kioo.

"Huyu wa pembeni kaingia gizani, anaharibu. Nimkate?"

"Mwache," akasema Ismaili. "Ameitwa na bibi harusi."

Jesca akamtazama, akaitazama picha, akauliza zitoke ngapi. Akasema mbili, moja ya Msimbati, moja ya kwake.