Kasri Moja, Makanisa Matatu

Juu ya meza yetu kulikuwa na makanisa matatu na kasri moja, na kabla chai haijapoa kasri lilikuwa limeshaondolewa. Hakuna aliyesema limeondolewa. Mume wangu alisema tu, "Kasri tutaliona tukipata muda," na mimi nimekaa na mwanamume huyu vya kutosha kujua kwamba maneno hayo ni kaburi. Vitu vyangu vingi vimezikwa humo.

Tulikuwa tunapanga safari ya kutoka Euless, tunakoishi hapa Texas, hadi Missouri City kwa kaka yake, upande ule wa Houston. Ukishika barabara kuu moja kwa moja unafika nyama ya kukukaribisha ikiwa bado kwenye makaa. Lakini mama mkwe wangu alikuwa amekuja kututembelea kutoka Kenya, na mume wangu akaamua mama yake hawezi kurudi nyumbani akiwa ameona malori na vituo vya mafuta peke yake. Akatafuta kwenye simu, akapata makanisa ya zamani yaliyojengwa na wakulima Wajerumani na Wacheki. Nje ni mbao nyeupe tu, ndani dari zimechorwa maua na nyota mpaka unadhani wametandaza kanga. Yako huko mashambani, nje kabisa ya njia yetu. Kasri nalo lilikuwa pande hizo hizo. Tajiri mmoja mzee alilijenga katikati ya malisho ya ng'ombe wake, likiwa na minara na daraja la kuinuliwa, alipokufa watoto wake wakaanza kutoza watu kiingilio.

Kasri lilikuwa langu. Yaani mimi ndiye niliyeliahidi.

Nilimwahidi binti yangu. Mara ya kwanza gari likaharibika. Mara ya pili nikaitwa kazini. Ninafanya kazi kwenye nyumba ya kutunza wazee, nawaogesha na kuwalisha, na mwenzangu asipotokea simu inayolia ni yangu. Halafu nikajifungua mvulana, na ukiwa na mtoto mchanga safari yako ni ya jikoni na chumbani. Mwanzoni binti yangu alikuwa akiniuliza kila nikimsuka. Baadaye akaacha. Nilidhani amesahau, mpaka siku niliyomsikia kwenye ngazi za ghorofa yetu akimwambia rafiki yake, kwa hicho Kiingereza chao cha puani, kwamba mama yake alisema watakwenda kuona kasri, lakini mama yake husema tu.

Husema tu. Ana miaka sita.

Kwa hiyo siku ile mezani sikuwa napigania minara. Mawe ya tajiri aliyekufa yananihusu nini mimi? Nilikuwa napigania neno langu.

Mama mkwe naye alikuwa na lake. Kina mama wa kanisa lake walikuwa wamemtuma salamu. Kwetu mgeni haingii kanisani akaketi kimya kama aliyekuja kuiba. Anasimamishwa, anasema ametoka wapi, anatoa salamu za waliomtuma, watu wanazipokea, naye anapewa za kurudi nazo. Nikamwambia kwamba Jumapili tutasali Missouri City, kanisa limejaa Wakenya mpaka mlangoni, atatoa salamu mpaka koo likauke.

"Hao ni watoto wetu," akasema. "Mimi nimetumwa kwa wenyeji." Kisha akaligeukia kasri. "Na hiyo nyumba ni ya nani?"

"Ni ya tajiri mmoja, mama. Alishakufa."

"Na watoto wake wametualika?"

"Watu wanalipa wanaingia."

"Kulipa ndio uingie kwa mtu." Alilisema polepole, akimtazama mwanawe, na mwanawe akacheka ndani ya kikombe. Nilitamani kummwagia hiyo chai.

Sikunyamaza. Nilisema kuwa siku hizo za mapumziko nilizipata kwa kubadilishana zamu na watu ambao bado nitawafanyia kazi mpaka sikukuu. Nilisema binti yake huyo huyo anamwona mama yake kuwa mwongo. Mwishowe tukakata shauri: makanisa mawili, kisha kasri, kisha Houston. Kanisa la tatu likatolewa. Mume wangu alitikisa kichwa kukubali, mdomo umejaa mandazi.

Jumamosi asubuhi nilifunga nepi, nguo za watu watano, chapati, uji wa mama mkwe kwenye chupa, dawa zake, blanketi la mtoto. Mume wangu alibeba funguo.

Kanisa la kwanza lilikuwa zuri, siwezi kusema uongo. Nguzo zimepakwa rangi mpaka mbao zinaonekana marumaru. Tatizo ni kwamba lilikuwa tupu. Jumamosi nani yuko kanisani? Mama mkwe, amevaa suti yake ya zambarau na kofia ya ibada, akaenda moja kwa moja hadi benchi la mbele akakaa akiwangoja wenye kanisa. Mume wangu hakumwambia kuwa hawaji. Alikaa karibu naye, akangoja pia. Nikamwuliza kwa jicho, akaniambia kwa mkono nitulie. Mtu na akili zake, anangoja ibada isiyokuwepo kwa sababu mama yake anaingoja.

Hatimaye wakaingia watalii wawili, mtu na mkewe, na kamera. Mama mkwe akasimama, akageuka, akaanza kutoa salamu kwa Kiswahili, mume wangu akitafsiri. Wale watu wakadhani ndio maelezo ya kanisa. Wakatega sikio, wakapiga picha dari, wakapiga makofi. Mwanamke akauliza choo kiko wapi.

Tukatoka. Garini mama mkwe akasema hao walikuwa wapita njia, na salamu haziachwi kwa wapita njia.

La pili lilikuwa na mzee akifagia ngazi. Huyu angalau alikuwa wa hapo. Mama mkwe akamtolea zote, kuanzia mwenyekiti wa kina mama hadi wagonjwa walioko vitandani, na yule mzee akasikiliza ameegemea ufagio, akasema asante, muwe na siku njema, akaendelea kufagia. Hakuzirudisha. Mama mkwe alisimama pale kama mtu aliyebisha hodi akaonyeshwa dirisha. Nilimhurumia kidogo, kusema kweli, huruma iliyokufa pale mume wangu alipowasha gari na kusema, "Basi twende hilo la tatu, ni hapo tu mbele."

"La tatu tulilitoa," nikasema.

"Ni hapo tu."

"Hapo wapi? Tulikubaliana."

"Mama watoto, si ugomvi. Tuki-drive kidogo tu tumefika."

Lilikuwa limefungwa kwa kufuli. Walizunguka ukuta mzima wakitafuta mlango mwingine, mtu na mama yake wameshikana mikono, mimi garini na watoto na jua likigeuka. Waliporudi sikuweza tena. Nilimwambia mama mkwe, si mume wangu, yeye mwenyewe, kwamba nina mtoto niliyemwahidi, na kwamba Mungu amesikia salamu zake tangu kanisa la kwanza kwa hiyo sasa zamu ni ya mtoto. Wala sikujutia. Mkwe wangu alifungua mkoba wake, akatoa peremende moja, akampa binti yangu, akafunga mkoba.

Tukaenda kwenye kasri.

Lilikuwepo, minara na kila kitu, limesimama juu ya nyasi kama kitu kilichoanguka kutoka lori la mtu. Getini kulikuwa na ubao: leo hakuna wageni, kuna harusi. Magari yamepangwa uwanjani, kijana wa suti akielekeza wanaoingia. Mume wangu akashuka, akazungumza naye, akarudi akitikisa kichwa. Tungekuja mapema, akasema, kulikuwa na nafasi ya asubuhi.

Tungekuja mapema! Akaniambia mimi.

Nikageuka kumtazama binti yangu. Nilitegemea machozi, na ningeyaelewa. Alikuwa anachezea karatasi ya peremende. "It's okay, Mom," akasema, wala hakuinua kichwa. Alilisema kama wale wazee wangu kazini wanavyosema watoto wao wasipokuja kuwaona: sawa tu, najua mna shughuli.

Hapo mdogo akaanza kulia njaa. Nikahamia kiti cha nyuma nimnyonyeshe, nimejifunika kanga kichwani, na chini ya kanga nililia kwa hasira, mtoto akivuta maziwa na mimi nikivuta kamasi. Nilisikia mlango ukifunguliwa na kufungwa. Nilidhani ni mume wangu anakwenda kunyoosha miguu.

Nilipoondoa kanga, kiti cha binti yangu kilikuwa kitupu. Mama mkwe pia hayupo. Nikawaona mbele, wanavuka nyasi, suti ya zambarau na kofia na mkoba, na binti yangu ameshikwa mkono.

"Mwite," nikamwambia mume wangu.

"Nimpigie mama yangu kelele mbele ya watu?"

Walifika kwa kijana wa suti. Mama mkwe akasema kitu kifupi kwa Kiingereza chake cha kuokoteza. Kijana akatazama kofia, akaweka mkono nyuma ya mgongo wake kwa heshima, akawaonyesha njia. Wakapita juu ya lile daraja wakaingia ndani.

Baadaye nilikuja kujua alichosema: tumekuja harusi. Kwake hakuwa amedanganya. Kutembelea nyumba ya mtu kwa kiingilio ndiko kulikomshinda. Harusi ni harusi, aliyefika amefika, na aliyevaa vizuri anakaa mbele.

Tulikaa garini mpaka mdogo akashiba, akalala, akaamka tena. Mume wangu alikuwa anatabasamu peke yake, akaacha aliponiona. Kisha juu ya mnara mmoja kikatokea kichwa kidogo, na mkono ukapunga. Haukuwa unanipungia mimi. Ulikuwa unaipungia Texas yote. Nami nikapunga kutoka nyuma ya kioo cheusi, mtu haonekani.

Walirudi na keki kwenye karatasi laini na ua kwenye nywele alizosukwa na mimi. Mama mkwe alikuwa anang'aa. Walikuwa wamewekwa meza moja na bibi wa bi harusi, kikongwe aliyekuwa ameachwa peke yake na sahani yake, na wawili hao wakashikana mikono. Bi harusi alipopita kusalimia meza, mama mkwe akasimama na kutoa salamu za kina mama, zote, mpaka wagonjwa. Na binti yangu ndiye aliyetafsiri. Huyu huyu ninayemsemesha Kiswahili kila siku naye hunijibu Kiingereza kila siku, alisimama katikati ya watu wa kofia pana akamtafsiria nyanya yake neno kwa neno. Yule kikongwe akapangusa macho, akasema wasalimiwe kina mama wote, waambiwe anawaombea. Salamu zikapatikana, za wenyeji, za kurudi nazo nyumbani.

Yote hayo nilisimuliwa. Njia nzima hadi Missouri City nilisimuliwa, jinsi ngazi zinavyozunguka, jinsi kuna kiti cha mfalme na mtu anaruhusiwa kukikalia. "Shosho took me," binti yangu akawa anasema, Shosho ndiye nyanya yake. Kwa baba yake mdogo akasema tena: Shosho amenipeleka kwenye kasri. Watu wakacheka, wakamsifu mama, mume wangu akaisimulia kama ni yeye aliyeingia. Mimi nilikuwa jikoni nakatakata kachumbari, kisu kikigonga ubao kuliko ilivyohitajika.

Jumapili baada ya kanisa tulikuwa tunakula, na shemeji akataja bahari, kwamba Galveston si mbali na hapo. Binti yangu akaacha kijiko. Nilimwona akifikiria. Alikuwa amekaa karibu yangu, kiwiko chake kikigusa changu, akanyoosha shingo akanipita, akamwuliza mama mkwe upande wa pili wa meza: "Shosho, can we go?"

"Muulize baba yako," akasema mama mkwe, amefurahi.

Baba yake akafuta midomo. "Tutaona," akaanza, "tukipata mu—"

Niliinuka. Funguo zilikuwa kwenye msumari karibu na mlango, pale alipozitundika tulipotoka kanisani. Nikazichukua, nikambeba mdogo kiunoni, nikamwambia binti yangu avae viatu. Alinitazama, akatazama funguo, akaenda mbio. Mume wangu akasema sahani bado zina chakula. Nikamwambia ale.

Mama mkwe alikuwa ameshaweka kofia kichwani na anatafuta mkoba wake.

"Leo hapana, mama," nikamwambia. "Gari limejaa."

Gari letu ni la watu saba.