Kitabu Kilichopandishwa Darini

Mama alikuwa na mahali pawili pa kuweka vitabu. Alivyovipenda vilikaa sebuleni, kwenye kabati la vioo, pamoja na vikombe vya wageni. Alivyoona havifai alivipandisha darini jikoni, juu ya moto, tulikohifadhi mahindi. Hakuchoma kitabu hata kimoja. Alisema aliyekiandika alikosa usingizi kwa ajili yake, basi na kipate pa kukaa, ila kisikae na vikombe.

Alikuwa amefundisha shule ya msingi Old Moshi, na alipostaafu akarudi Mwika, kwenye kihamba chetu cha migomba na kahawa, walikozikwa babu zangu. Hukumu zake zilikuwa za haraka kama kusahihisha madaftari. Riwaya nene ambamo kila mwema ni mzuri wa sura na kila mwovu ana kovu ilikwenda darini. Kitabu cha mwandishi aliyesifiwa sana kilikwenda darini pia, kwa sababu kilihusu njaa, lakini hakuna mtu ndani yake aliyetaja chakula. "Mwenye njaa hana habari nyingine," alisema. Lakini kitabu kimoja chembamba, kilichobanduka jalada, kilisimama mbele kabisa, karibu na birika. Kilimhusu mjane anayesubiri mvua. Hadi ukurasa wa mwisho mvua hainyeshi, naye anaamka, anafagia uwanja. Mama alikirudia kila kiangazi. Nilikitazama kupitia kioo miaka mingi kabla sijaruhusiwa kukishika, na nadhani tamaa yangu ya kuandika ilianzia pale, nje ya kioo.

Riwaya yangu ya kwanza ilipotoka, moyo wa mama ulikuwa umechoka na macho yake hayakushika herufi tena. Daktari wa mjini Moshi alituambia kwa upole tumrudishe nyumbani, apumzike. Sote tulielewa, na hakuna aliyetamka. Tulizungumzia mtori wa ndizi, kama umekolea chumvi au la.

Niliacha shughuli zangu Dar nikaja kukaa naye. Mchana, jua likifika dirishani, nilimsomea. Nilimsomea mjane wa mvua, kisha vitabu vingine vya kabatini. Kila tulipomaliza kimoja, aliulizia changu. Nilimwambia nitakisoma kesho. Nilimwambia kina herufi ndogo. Ukweli ni kwamba karibu na mwisho wake kuna mama anayefia kitandani, katika nyumba inayotazama migomba. Niliiandika sura hiyo wakati mama bado anapanda ngazi ya darini na debe la mahindi kichwani. Waandishi wenzangu waliniambia ndiyo sura yangu bora. Nimeisoma mbele ya watu, wakatoa leso. Sasa nilikuwa nakipita kitabu kile mezani bila kukitazama.

Mama mdogo, mdogo wake aliyekuwa akimuuguza, alinikuta nikikwepa.

"Umeshindwa kusoma chako mwenyewe?"

"Kina mambo ya vijana, mama mdogo."

"Vijana gani? Tumesubiri harusi yako mpaka pombe ya mbege imechacha, na bado unajiita kijana?"

Mama alicheka hadi akakohoa, tukamwinua, tukamgeuzia mto.

Kesho yake nilikuta kitabu changu kifuani pake, na kutoka katikati ya kurasa limechomoza jani refu la kijani, lililofungwa fundo. Lilikuwa jani la isale, mmea tunaoupanda mipakani na makaburini. Kwetu, ukiwa na ombi ambalo mwenzako amelikataa, hasa ombi la msamaha, unampelekea isale, na akishaletewa hawezi kukataa tena. Nimeona ndugu waliogombea mpaka wa shamba wakinywa kibuyu kimoja kwa sababu ya jani hilo. Sikuwahi kuona mzazi akimpelekea mtoto.

"Mama, isale si ya mambo haya. Ni ya watu waliokosana."

"Basi kosaneni upesi usome," mama mdogo alisema mlangoni. "Mimi nina ndizi za kumenya."

Safari hii mama hakucheka. "Nataka kujua pa kukiweka," alisema. "Nikishaondoka utakiweka mwenyewe, na najua utakipeleka kwenye vikombe."

Nikishaondoka. Neno lilikuwa limetoka, na yeye ndiye aliyelitoa.

Nilisoma. Mama wa kitabuni anawaita wanawe mmoja mmoja, anawabariki, anamsamehe dada yake, anatabasamu. Ukungu unashuka kutoka mlimani, naye anafumba macho. Nilipofika mwisho, mama alinigeukia.

"Huyo mama alikuwa amechoka kuishi?"

"Hapana."

"Mbona basi anaondoka kama mgeni aliyeshiba?"

Nilifungua tena ukurasa ule, mama akaufunika kwa kiganja.

"Mimi sijashiba, mwanangu. Kahawa ndiyo kwanza inaanza kuiva, nami nataka kuichuma. Nina hasira. Nina hofu. Mnaniletea mtori na kuniuliza chumvi, na mimi nawajibu chumvi."

Jikoni, kisu cha mama mdogo kilinyamaza.

Niliweka kitabu chini, nikamshika mkono, nikamuuliza anaogopa nini. Alinieleza hadi jua likaondoka dirishani. Aliyosema sitayaandika hapa. Mama mdogo aliingia na mikono yake yenye utomvu wa ndizi, akakaa miguuni pake, naye akaulizwa hofu yake, akajibu. Tangu siku ile hadi mwisho hatukuzungumzia chumvi, isipokuwa pale ilipozidi kweli.

Jioni ile, kabla ya kula, mama alisema, "Sentensi zako ni nzuri sana. Kipeleke darini."

"Sasa hivi?"

"Nataka kusikia ngazi."

Nikapanda. Ngazi ililia kwa kila hatua, nami nikakiweka changu juu ya kile cha njaa.

Kahawa tuliichuma bila yeye. Kwenye matanga, shangazi alifungua kabati kutoa vikombe, akaulizia kitabu changu ili awaonyeshe wageni. Nilimwambia kiko darini na mahindi. Akadhani nafanya utani wa msiba, akanipiga kofi begani.

Watu huniuliza vitabu ninavyovipenda, na vile ambavyo wasipoteze muda navyo. Cha kwanza nawatajia mjane wa mvua. Wakiuliza cha kuepuka, nawatajia changu, nao hucheka. Nimeanza kuandika kingine. Ndani yake kuna mama anayeumwa, na kahawa inaiva. Nimeandika sura nyingi, naye bado anabishana nami kuhusu nani ataichuma.